Shajara ya mradi: kujaza nafasi kwa ushahidi, si kwa kubahatisha

10 Mei 2025: Toleo la kwanza

Mradi ni kutengeneza vifungu vya kujaza nafasi vya Gredi ya 6 ambamo kila nafasi ina kidokezo chake ndani ya kifungu chenyewe, na mwanafunzi anaweza kukionyesha kwa kidole. Shule yetu iko Kitui. Darasa lina wanafunzi 38, na wengi wao nyumbani wanazungumza Kikamba; Kiswahili cha vitabu wanakikuta darasani. Naweka kumbukumbu hizi ili mwalimu atakayetaka kuufanya mradi huu kwake asirudie gharama zetu.

Vitabu vya mazoezi vimejaa madukani, hilo najua. Tatizo ni kwamba vingi vimeiga umbo la mtihani vikaacha kazi yake. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, katika miaka ya mwisho kabla haijafungwa 2023, ilikuwa inaanza karatasi ya Lugha kwa nafasi 15 za kujaza. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6 ulioanza 2022, nao umekuja na maswali ya kuchagua. Kwa hiyo watoto wamezoea kukimbilia A, B, C, D. Mwulize mmoja kwa nini amechagua B, atakujibu, "Inasikika vizuri, mwalimu." Pengine ni jibu sahihi, lakini hakuna kilichosomwa hapo.

Nilianza na njia ya kale kabisa. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson L. Taylor alieleza namna ya kupima ugumu wa maandishi kwa kuondoa maneno kwa kuhesabu tu, mathalani kila neno la tano, bila kuchagua lipi litoke. Nilichukua aya kuhusu kuchimba maji mtoni, jambo ambalo kila mtoto hapa analijua, nikaondoa kila neno la tano:

"Wanakijiji walichimba mchanga wa ______ uliokauka mpaka maji yakatokea, ______ kwa kata na kuyamimina ______ mitungi."

Nafasi ya kwanza ilikwenda vizuri. "Mchanga" na "uliokauka" vinamwelekeza msomaji kwenye mto. Nafasi ya tatu, "kwenye", haikupima lolote la maana. Iliyoharibu kazi ni ya pili. Neno lililotoka ni "wakayachota", na hilo si neno la kuondoa hivihivi: ndani yake mna watu, mna mfuatano wa matukio, mna maji na mna kitendo. Watoto waliandika wakachota, waliyachota, wakayateka, wakaanza kuyachota. Nusu ya saa ilikwisha nikipima ni yapi ya kukubaliwa, na sikupata sababu ya kukataa hata moja kati ya hayo.

Kiswahili kinabeba mzigo mkubwa ndani ya kitenzi kimoja. Ukiondoa maneno kwa kuhesabu, mara utatoa "wa" na "ya" zisizopima kitu, mara utatoa sentensi nzima iliyojificha katika neno moja. Njia hiyo nimeiacha. Kuanzia sasa kila neno la kutoa nalichagua mwenyewe, na katikati ya nafasi mbili naacha maneno ya kutosha yenye maana, yasipungue manane.

Gharama: kuchapisha kurasa mbili saiberi, Sh100. Fotokopi 38 za kurasa hizo kwa Sh5 kila ukurasa, Sh380. Jumla Sh480, na karatasi zile hazitumiki tena.

24 Mei 2025: Upatanisho unavujisha jibu

Nimehamia kwenye majibu manne ya kuchagua, nikaandika kwa mkono kwenye manila ili kuokoa pesa ya fotokopi. Hapa ndipo nilipokutana na shida ambayo naona inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana iko katika mazoezi mengi tunayowapa watoto.

Tazama nafasi hii:

"Mkulima aliliweka ______ lake begani akaelekea shambani kulima."
A. kisu  B. mundu  C. jembe  D. ndoo

Darasa lote lilipata, na ilipendeza macho. Lakini "aliliweka" na "lake" vimekwisha kusema kwamba jibu ni la ngeli ya LI-YA, na katika yale manne ni jembe peke yake lililo humo. Mtoto asiyejua mkulima anabeba nini atapata alama ileile na anayejua.

Ili nithibitishe, niliandika sentensi ileile ubaoni nikaweka maneno ya kubuni, yasiyo na maana yoyote: kidombe, mfwale, jandolo, ubweti. Mikono ilipanda. Jandolo! Nikauliza jandolo ni kitu gani. Hakuna aliyejua, na wote walikuwa na hakika kwamba ndilo jibu.

Jaribio hilo la maneno ya kubuni sasa ni sehemu ya kazi. Swali lolote nikiliandika, nalijaribu kwanza kwa maneno yasiyo na maana yenye maumbo ya ngeli zilezile. Kama jibu bado linaonekana, swali linapima sarufi, na linahamia kwenye mazoezi ya ngeli. Kupima ngeli ni jambo jema, ila lisifanyike kwa jina la msamiati.

Njia za kuziba mwanya huo nilizozipata ni tatu, na zote zinafanya kazi.

Ya kwanza ni kuweka majibu yote manne katika ngeli moja. Jembe, shoka, panga na koleo vyote vinakubali "lake", hivyo kinachobaki kuamua ni "kulima".

Ya pili ni kuiweka nafasi mahali ambapo hakuna kinachopatana nayo, hasa baada ya "kwa": "Seremala aliulainisha ubao kwa ______." Hapo unaweza kuchanganya randa, msumeno, tindo na keekee bila hofu.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote: vivumishi visivyobadilika. Safi, ghali, rahisi, duni, bora, hodari, karimu, bahili, dhaifu, laini, hafifu. Havichukui kiambishi cha ngeli, kwa hiyo havina cha kuvujisha. "Bei ya maji ilipofika shilingi hamsini kwa mtungi, watu walisema ni ______ mno, wakarudi kuchimba mtoni." Ghali, rahisi, duni, safi: yote manne yanaingia kisarufi. Asiyesoma habari ya bei na ya kurudi mtoni hana pa kushika.

Gharama: manila 6 kwa Sh30, Sh180. Kalamu nene za kuandikia, pakiti moja, Sh250. Jumla Sh430.

31 Mei 2025: Mianya midogo

Sentensi ya seremala nilitaka kuiongezea nguvu kwa kuandika "maranda yakaanguka sakafuni". Watoto wakachagua randa kwa sababu imo ndani ya maranda. Nimebadilisha kuwa "vipande vyembamba vya mbao vilivyojikunja vikaanguka sakafuni". Msasa nimeuweka kando katika swali hili, kwa kuwa nao unalainisha ubao.

Nikiandika kwa mkono, mstari wa nafasi ulikuwa mrefu pale jibu lilipokuwa refu. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliniambia waziwazi, "Mwalimu, hapa ni neno fupi." Sasa mistari yote inapimwa kwa rula, sentimita tatu, na kila mmoja una namba yake.

Pia majibu sahihi yalikuwa yamejazana B na C. Nimeandika herufi nne kwenye vikaratasi, naviweka kikombeni na kuchomoa kimoja kwa kila swali. Na jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko mengine. Kama haliepukiki, refusha moja la kupoteza, yaani lisilo sahihi.

Hakuna gharama mpya.

14 Juni 2025: Majibu mawili yote sahihi

Swali lililobishaniwa kuliko yote hadi sasa:

"Mvuvi alitupa ______ baharini akavua samaki wengi."
A. wavu  B. mshipi  C. upondo  D. mgono

Jibu nililoliandaa lilikuwa wavu. Mvulana mmoja akasimama kutetea mshipi, ule uzi wa kuvulia: nao unatupwa, nao unavua samaki, na mtu akikaa siku nzima atapata wengi. Mantiki yake haina kasoro. Sentensi haikusema chochote kinachoukataa mshipi, na nafasi isiyokataa majibu matatu haijakamilika hata kama mwandishi wake ana jibu kichwani. Alama alipewa.

Sentensi mpya inasomeka hivi: "Mvuvi aliketi juu ya mwamba, akatia chambo kwenye ndoana, akautupa ______ majini na kuushika mkononi akisubiri utikisike." Majibu ni yaleyale. Wavu hauna ndoana, mgono ni mtego wa samaki na hautikisiki mkononi, upondo ni wa kusukumia chombo. Unabaki mshipi, tena majibu yote yanapatana na "akautupa", kwa hiyo hakuna kilichovuja.

Kazi ya kila kidokezo, basi, ni kukataa. Napoandika swali sasa, naanza na lile ninalolitaka, kisha nayachukua yale matatu moja moja na kujiuliza ni neno gani katika kifungu linalolifukuza. Lisipokuwepo, nalitia. Mfano mwingine uliohitaji matengenezo:

"Baba alirudi akiwa ______. Alivua viatu, akakaa kimya, hata chai hakuigusa."
A. amechoka  B. ameghadhibika  C. amehuzunika  D. ameshiba

Yote manne yanawezekana! Mtu aliyeshiba naye haigusi chai. Nimeongeza: "Aliubamiza mlango, akaitupa kofia mezani, na mama alipomsalimu akajibu kwa kufoka." Hapo aliyechoka, mwenye huzuni na aliyeshiba wote wanaondoka.

Mfano huo ulifunua tabia nyingine ya wasomaji wetu. Kidokezo kiko baada ya nafasi, na watoto wengi wanasimama pale pale kwenye mstari mtupu na kuanza kuchagua. Nimewapa utaratibu mmoja tu: usichague kitu mpaka uifikie nukta, kisha soma sentensi inayofuata, ndipo urudi. Kwa kuwalazimisha, mara moja moja nawapa kifungu bila majibu ya kuchagua, wanakisoma chote, majibu yanakuja baadaye kwenye kadi.

Na hapa ndipo mradi ulipopata uti wa mgongo wake. Kila jibu sasa lina alama mbili: moja ya neno sahihi, nyingine ya kupigia mstari maneno yaliyoamua. Mtoto anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne ya kupata alama ya kwanza, lakini mstari wake utakuwa haupo au utakuwa chini ya neno lisilohusika. Kusahihisha kunachukua muda zaidi, siwezi kuficha, lakini kwa mara ya kwanza naona mtoto alikuwa anatazama wapi alipochagua.

Viunganishi ndivyo vidokezo vyepesi kufundisha, na matokeo yake yanaonekana upesi. "Mzee huyo si bahili bali ni ______." Mtoto akishaelewa kwamba "si... bali" inageuza maana, karimu inajitokeza yenyewe mbele ya hodari, safi na dhaifu. Vivyo hivyo "badala ya", "ingawa", "licha ya", "kwa hivyo". Hivi nilivipitia kwa haraka na sina zaidi la kusema.

Gharama: manila 10 za kukata kadi, Sh300. Selotepu pana ya kuzifunika zisichakae, Sh150. Jumla Sh450.

28 Juni 2025: Maneno ya pwani, na mbuzi

Vifungu vya mtihani vinapenda pwani: jahazi, tui, pweza, mnazi. Mtoto wa Kitui hajawahi kuona mnazi. Sikutaka kuyakwepa maneno hayo, kwa sababu ni Kiswahili na ni haki yake. Niliandika:

"Mama aliketi juu ya mbuzi, akakuna nazi mbili, kisha akachuja tui."

Niliwaomba wachore walichokielewa. Mvulana mmoja alichora kwa uangalifu mkubwa: mbuzi dume mwenye ndevu, miguu imepinda kwa uzito, mama juu yake kama mpanda farasi, nazi mkononi. Hakupigia neno lolote mstari. Alipoulizwa alisema hajui kukuna ni nini, ila mbuzi anamjua.

Jibu lake linaeleza kilichoharibika kwenye sentensi. Neno alilolijua lilikuwa na maana mbili, na vidokezo vilivyotakiwa kumwongoza, yaani kukuna, nazi na tui, vyote vilikuwa vigeni kwake. Kidokezo kigumu kuliko jibu hakimsaidii mtu.

Mwalimu mwenzangu aliyekulia Kwale alituletea mbuzi yenyewe: kiti cha mbao kinachokunjika, kifupi, mbele kimetoa ulimi wa chuma wenye meno. Watoto waliishika kwa zamu. Kisha nikaandika upya sentensi ubaoni: "Mama aliikalia mbuzi, akaikuna nazi kwenye meno yake ya chuma mpaka ikawa unga mweupe."

Msichana mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hapo umeandika vibaya. Mbuzi ni alimkalia."

"Na kama sijakosea? Kama ni aliikalia kweli, huyo ni mbuzi gani?"

Alikaa kimya kidogo. "Basi si mnyama. Ni kitu."

Mwezi mzima nilikuwa napambana na upatanisho wa ngeli kama adui anayevujisha majibu. Hapa umekuwa ndio ushahidi wenyewe, tena ushahidi ambao mtoto wa Kikamba anao tayari, kwa kuwa lugha yake nayo ina ngeli. Tofauti iko katika kazi ya nafasi. Ukipima ujuzi wa majina ya vifaa, ngeli inaharibu. Ukipima neno lenye maana zaidi ya moja, ngeli ndiyo inayoamua, na ni halali kabisa kuitegemea.

Nimetengeneza kadi za maneno hayo. Kaa yule anatembea ubavu ufuoni, kaa lile linawaka jikoni. Paa yule anaruka vichakani, paa lile linavuja mvua. Kiboko yule yuko mtoni, kiboko kile kiko mkononi mwa mtu. Kifaru yule ana pembe, kifaru kile kina mzinga. Tai yule anapaa, tai ile imefungwa shingoni. Ndege ametua mtini, ndege imetua uwanjani. Kwenye kadi mtoto anapewa sentensi kama "Askari walikisukuma kifaru kilichokwama matopeni", anachagua picha, na analipigia mstari -ki- lililomwamulia. Watoto wanazigombania kadi hizi, jambo ambalo halikutokea kwa kadi nyingine yoyote.

Jambo la choroko nalo niliweke hapa. Kitui inajulikana kwa zao hili na kila mtoto ameshika jembe kulilima, lakini kwao ni ndengu. Walipokutana na "choroko" kwenye kifungu walidhani ni mdudu. Nimelizungushia vidokezo vya shambani kwao: "punje ndogo za kijani", "maganda meusi yaliyokauka", "kupura kwa fimbo kabla ya kupeleka sokoni". Walilitambua wote bila kuambiwa. Atakayechukua kifungu hiki Tanzania aangalie, huko dengu ni zao jingine.

Gharama: hakuna. Kadi zilikatwa kwenye manila zilizobaki.

12 Julai 2025: Toleo la kuchapisha

Methali zimetoka kwenye seti. "Haba na haba hujaza ______" inajazwa na aliyekariri. Sentensi haina kinachomwongoza asiyeijua kufika kwenye kibaba. Nimezigeuza: kifungu kinasimulia kisa kifupi, na methali nzima nzima nne ndizo majibu ya kuchagua. Kisa cha kijana aliyeweka shilingi kumi kila jioni mpaka akanunua mbuzi (huyu wa miguu minne) kinaamua chenyewe methali ipi inafaa.

Kifungu kabla hakijaingia kwenye toleo hili kimepita ukaguzi wa aina tatu. Kwanza maneno ya kubuni, kuona kama ngeli inavujisha. Pili kulifukuza kila jibu la kupoteza kwa neno lililomo kifunguni. Tatu nampa mwalimu wa Sayansi akijaze akipiga mistari, kwa sababu yeye hajui nilichokusudia. Ukaguzi wa tatu umekamata makosa mengi kuliko nilivyotarajia. Mtunzi akisoma kifungu chake analiona jibu kila mahali; msomaji mwingine analiona pale tu lilipo.

Gharama: kuchapisha kurasa 8 kwa Sh10, Sh80. Fotokopi za seti 19, kila wawili wakitumia seti moja, kurasa 8 kwa Sh5, Sh760. Jumla Sh840. Wanafunzi wanajibu madaftarini na kunakili pale maneno ya ushahidi, kwa hiyo seti zinabaki safi kwa darasa la mwakani.

26 Julai 2025: Zilipofika darasani

Alama za neno sahihi hazijapanda sana ukilinganisha na Mei. Nilishtuka mwanzoni, kisha nikayatazama maswali ya Mei tena: yalikuwa yanavuja, na alama zile zilikuwa za jandolo. Alama za kuzitazama ni zile za ushahidi. Mwezi Juni wengi waliacha sehemu hiyo wazi au walipigia mstari sentensi nzima. Sasa zaidi ya nusu ya darasa wanaandika neno moja au mawili yanayohusika, na wanabishana wao kwa wao kama "kufoka" inatosha au inahitaji "aliubamiza mlango".

Bado kuna kundi linaloandika ushahidi baada ya kuchagua, ili kupata alama tu. Nawatambua kwa sababu neno lao mara zote ni lile lililo karibu kabisa na nafasi. Kwao nimeanza kugeuza utaratibu: wanaandika ushahidi kwanza, kadi ya majibu naigawa baadaye.

Jumla ya gharama tangu Mei ni Sh2,200. Mwalimu atakayeanzia hapa, asiyepitia fotokopi za mara ya kwanza na manila za mistari isiyolingana, atatumia Sh840 za toleo la kuchapisha pamoja na Sh450 za kadi.

Yaliyobaki kwa muhula wa tatu: vifungu vya Gredi ya 5 vyenye nafasi chache zaidi, kadi za vitenzi vyenye maana zaidi ya moja ambako ngeli haisaidii (kukata tiketi, kukata tamaa, kukata kona), na kumtafuta mwalimu wa pwani atakayevijaribu vifungu vya ndengu na visima vya mchanga kwa watoto ambao hawajawahi kuona mto mkavu.